Moto Ulioshindwa Chuma Ukauweza Mkono

Hamjambo, wagonjwa? Kama yupo hapa aliyenizidi umri, shikamoo yake. Ninyi wengine nimeshawaitikia marahaba, hata kama hamjasema kitu.

Nimeletewa kigoda nikae, lakini nitasimama, maana nikikaa walio nyuma hawatauona mkono. Huu hapa, wa kuume. Vidole vitatu vinanyooka. Viwili vya mwisho vilijikunja zamani na vitazikwa hivyo hivyo. Kiganja chote ni kovu, hakina mstari hata mmoja. Ukikipapasa kinateleza.

Mhudumu wenu ameniomba niwape ushuhuda kwa sababu kuna binti hapo kwenye mkeka wa ukutani aliyemwagikiwa uji wa moto mkononi. Kidonda kinaelekea kupona, lakini vidole vinajikunja, naye anauficha mkono chini ya kanga na kumtukana kila anayekuja kumnyoosha. Binti, sikutazami. Ninasema na wote.

Wakati ule niliitwa Siwema. Magdalena ni jina la ubatizo, lilikuja baadaye sana. Nilizaliwa ng'ambo ya mto, kwenye kambi ya wavuvi, nikaolewa upande huu karibu na Ifakara na mhunzi aitwaye Ligombe. Nilimpenda. Nalisema hili mapema, kwa sababu mkishasikia mengine mtadhani nilimchukia tangu mwanzo. Alikuwa mtu wa maneno machache, mikono yake imejaa alama za cheche. Nikirudi shambani nimechomwa miiba, aliniweka mguu juu ya goti lake akaitoa kwa koleo lake dogo, taratibu, huku amezuia pumzi asije akaniumiza. Mlishike hilo koleo akilini.

Banda lake la uhunzi lilikuwa nyuma ya nyumba, karibu kiasi kwamba nikitwanga mpunga uani nilisikia kila pigo la nyundo. Lakini sikuwahi kuingia. Kwa wahunzi wa kwetu mwanamke hakanyagi bandani. Akikanyaga, moto unaona aibu na chuma kinakataa. Na kazi ya silaha ikianza, mhunzi halali na mkewe mpaka kazi iishe. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria, na mimi sikuwa na ugomvi nayo. Banda lina joto na masizi, nani alitaka kuingia?

Kazi yangu mimi ilikuwa ngozi. Mhunzi hupuliza moto kwa mivukuto miwili, mifuko ya ngozi ya mbuzi, mmoja kushoto na mmoja kulia. Ukiinua huu unakandamiza ule, na upepo wote unapita kwenye bomba moja la udongo linaloingia makaani. Ngozi hizo nilizitengeneza mimi. Nilizikwangua manyoya, nikazilainisha kwa mafuta ya kiboko, nikazikabidhi kwenye uzio bila kuvuka. Kila zilipoanza kukakamaa, Ligombe alizileta uzioni, nami nikazipaka mafuta tena, hasa kwenye mikunjo, maana ngozi hufa kwenye mkunjo. Hiyo ilikuwa kazi ya mikono yangu miwili, na nilijua kuifanya.

Kisha yakaja maji.

Ninyi vijana mmesikia habari za vita vya Maji Maji kwa babu zenu, kila babu na uongo wake. Mimi nawaambia yaliyofika uani kwetu. Watu walikuwa wamechoka na Mjerumani. Walichoka na boma lake la Mahenge, na viboko vya maakida, na kulimishwa shamba la mwingine wakati mpunga wako unaliwa na ndege. Akaja hongo, yaani mjumbe wa dawa, akiwa na kibuyu cha maji yenye mbegu za mtama. Alisema ukinyunyiziwa maji hayo, risasi ya Mjerumani itayeyuka ikikugusa. Tulinyunyiziwa sote. Nami nilinyunyiziwa, na niliamini, msinicheke. Anayechapwa kila siku haulizi dawa imetoka wapi.

Yule hongo alipomaliza kuwanyunyizia watu, Ligombe akamwomba anyunyizie na vifaa. Hilo ni jambo ambalo angelifikiria mhunzi peke yake. Mwingine aliombea ngao, mwingine aliombea upinde. Ligombe aliombea nyundo, koleo na mivukuto, kwa sababu kwake hizo ndizo zilizokuwa zinakwenda vitani. Hongo hakunyunyiza tu. Alimimina mpaka ngozi zikalowa chepechepe, kisha akatoa mwiko wake. Alisema kitu kilichopata maji haya kisipakwe mafuta ya kiboko. Maji yametoka kwenye dimbwi la mzimu, na kiboko ni mnyama wa huyo mzimu. Ukipaka mafuta yake, umeitukana dawa.

Basi ngozi zikakauka zenyewe pale pale kando ya moto, bila mafuta. Ninyi mnaojua ngozi mmeshaelewa. Wasiojua wasubiri.

Amri ikaja kwamba wapiganaji wataondoka kwenda Mahenge mwezi utakapoandama. Watu wakaleta majembe yao yageuzwe mikuki. Kulikuwa na rundo la majembe bandani ungedhani ni soko. Mama mmoja aliuliza, "Sasa tutalima na nini?" Wakamzomea mpaka akaondoka. Kwa mkuki mrefu wa vita, jembe moja halitoshi, lazima uunge vipande viwili. Na vyuma haviungani kwa sababu unavipenda. Lazima viive mpaka viwe vyeupe na kutoa cheche, uvinyunyizie mchanga safi, uvipige upesi vikiwa vimeshikana. Vikiwa vyekundu tu, vitagusana na kuachana.

Vya Ligombe vikawa vyekundu, havikwenda mbele ya hapo.

Kutoka uani nilisikia nyundo, kisha kimya, kisha matusi. Kaka yake mkubwa, shemeji yangu Ngwila, ndiye aliyekuwa akipuliza mivukuto. Wakaanza kutafuta kosa. Kwanza wakalaumu mkaa, wakaumwaga wote na kuchoma mwingine wa mti mgumu zaidi. Moto ukabaki mwekundu. Wakalaumu bomba la udongo, kwamba labda limeziba. Wakalichokonoa kwa kijiti, wakalivunja kabisa na kufinyanga jipya. Moto ukabaki vile vile. Wakalaumu mchanga, wakaleta wa mtoni. Wakasema jembe hili ni bovu, wakachukua jingine. Wakasogeza jiko lisikae kwenye njia ya upepo. Walikagua kila kitu bandani isipokuwa mivukuto. Mivukuto ilikuwa imepata maji, na kitu kilichopata maji hakiwezi kuharibika, kwa maana kikiharibika basi na sisi...

Hakuna aliyeimalizia sentensi hiyo, hata moyoni.

Lakini mimi niliisikia. Mvukuto mzima ukikandamizwa hutoa mlio mnene, puu, unauhisi mpaka kifuani. Wa kulia ulikuwa unasema hivyo. Wa kushoto ulikuwa unasema fsss, kama mtu anayenong'ona kati ya meno. Upepo ulikuwa unatoka mahali kabla ya kufika kwenye bomba. Nilisimama na mchi mkononi nikasikiliza, puu, fsss, puu, fsss. Nikafurahi. Nilidhani nimemwokoa mume wangu.

Alipotoka kunywa maji nikamwambia kwa adabu, "Ligombe, mvukuto wa kushoto unavuja. Niletee uzioni niukague mikunjo."

Nyuma yake Ngwila alikuwa ameshasikia.

"Umejuaje wa kushoto?" Ngwila aliuliza.

"Nimeusikia, shemeji."

"Mimi ninayeupuliza sijasikia kitu. Wewe uliye nje umesikia na wa kushoto na wa kulia?"

"Ninyi mko kwenye kelele za moto, shemeji. Huku uani..."

"Umeingia," akasema. "Umeingia bandani, ndiyo maana unajua, ndiyo maana chuma kinakataa."

Hivyo ndivyo nilivyopatikana na hatia, kwa kusema ukweli. Mama mkwe akaitwa. Alikuwa mtoto wa mhunzi, mke wa mhunzi na mama wa mhunzi, na neno lake juu ya miko lilikuwa la mwisho. Aliniuliza mara moja tu kama niliingia. Nikasema, "Hapana, mama." Akasema, "Basi itajulikana kwa kiapo." Kisha, kwa vile sikuwa nimezaa, akaongeza kwamba tumbo lisiloshika mimba haliwezi kushika mwiko. Watu waliokuwa wamekuja na majembe yao wakaitikia kwamba ni kweli.

Kiapo cha wahunzi ni chuma. Unashika chuma cha moto kwa kiganja. Kama huna kosa, hakikuunguzi. Mtasema ni upumbavu. Kumbukeni hao ni watu walewale walioamini risasi itakuwa maji. Waliamini kwa pande zote mbili, wala hawakuwa wanafiki.

Walipasha moto mkia wa jembe, ule unaoingia kwenye mpini. Ligombe ndiye aliyeutoa makaani, kwa koleo lile lile dogo la kutolea miiba. Alikuwa na imani, masikini. "Shika tu, Siwema," aliniambia polepole. "Kama hukuingia, haitauma. Shika upesi yaishe." Nilifungua kiganja mwenyewe. Jueni hilo, hakuna aliyenilazimisha kukifungua. Mimi nilijua sikuingia.

Chuma kilikuwa chekundu tu, kile chekundu kisichotosha kuunga jembe. Moto ulioshindwa chuma, mkono wangu uliuweza bila taabu.

Sikupiga kelele mwanzoni. Sauti ya kwanza ilikuwa ya nyama. Mnaijua, mnachoma nyama nyumbani. Harufu ilikuwa hiyo hiyo, na jambo lililonitia kichaa ni kwamba mate yalinijaa mdomoni, maana tulikuwa hatujala tangu asubuhi. Nikataka kukitupa. Ngwila akanishika ngumi kwa mikono yake miwili akaikaza, ili kiapo kisiwe cha uongo. Aliikaza mpaka akaanza kuungua na yeye, ndipo akaachia. Chuma hakikuanguka, kilikuwa kimegandia. Ligombe alikibandua kwa koleo, na ngozi ya kiganja changu ikaenda nacho.

Wakautazama mkono. Umeungua, kwa hiyo nina kosa. Kesi ikaisha.

Mama mkwe alinipaka jivu. Sijui ilikuwa huruma au alitaka damu isimwagike uani. Kisha akaniambia niondoke kabla sijaharibu na vita. Ligombe alikuwa amerudi bandani. Nilipopita kwenye uzio nilisikia mivukuto imeanza tena, puu, fsss, puu, fsss.

Nilitembea kuelekea mtoni nikiwa nimeuinua mkono juu, kwa kuwa ukishuka damu ilikuwa inagonga ndani yake nikaona giza. Mvuvi mmoja alinivusha kwa mtumbwi, akakaa mbali nami kadiri mtumbwi ulivyoruhusu. Nilifika kwa shangazi yangu nikiwa na homa, na sikumbuki vizuri siku zilizofuata. Nakumbuka harufu. Jivu lilikuwa limegandana na usaha likawa ganda, na chini ya ganda mkono ulikuwa unaoza. Ulivimba mpaka kwenye kiwiko, ukang'aa. Nzi walinijua kwa jina.

Shangazi alikuwa mjane, mvuvi, mwenye ulimi mchafu kuliko wanaume wote wa ule ukingo. Alibandua ganda kwa maji ya uvuguvugu na chumvi, nikajikojolea. Akasema, "Kojoa, mwanangu, hapa hatuna wageni." Chini ya ganda kulikuwa na funza. Nililia nikamwomba awatoe. Aliwatazama kwa makini, akatikisa kichwa.

"Waache kwanza," alisema. "Hawa wana adabu kuliko wakwe zako. Wanakula kilichooza tu."

Kilichobaki cheusi alikikata kwa kijembe cha kukatia nyavu, alichokichemsha kwanza kwenye chungu. Kila asubuhi aliniosha kwa maji yaliyochemka na kupoa, akapaka asali, akafunga kwa kitambaa alichokianika juani. Wakati wa homa kali jirani mmoja alimshauri aukate mkono wote, nikiwa nasikia. Shangazi akamjibu, "Akiwa na mkono mmoja, jembe lake utamshikia wewe?" Jirani hakurudi tena.

Homa ikashuka. Kidonda kikaanza kujaa nyama nyekundu. Nilidhani nimepona, na hapa ndipo, binti, ingawa sikutazami, ninapokuomba usikie vizuri. Kidonda cha moto kikipona, hujifunga. Kovu linavuta. Vidole vinarudi kiganjani kidogo kidogo, na unaviacha kwa sababu vikikunjwa haviumi. Unaona ni raha. Raha hiyo ni mwizi. Mimi niliamka siku moja nikakuta nina ngumi, na ngumi hiyo haifunguki.

Shangazi alipoiona alikaa chini mbele yangu akauchukua mkono. Akasema, "Ngumi haipandi mpunga, haitwangi, haishiki kafi. Nitakuumiza. Nitukane upendavyo." Akafungua kidole cha kwanza. Kovu likapasuka, damu ikatoka, nami nikamtukana yeye na mama yake, ambaye ni bibi yangu mwenyewe. Akafungua cha pili. Nikamuuma bega. Alama za meno yangu alikufa nazo. Akavifunga vidole juu ya kipande cha kafi lililovunjika, vikae vimenyooka, na kesho yake akafungua akaanza upya. Kila asubuhi ya Mungu. Nilikuwa nikisikia hatua zake natapika.

Vile viwili vya mwisho vilimshinda. Tulichelewa. Vingine vilinyooka, lakini havikuwa na nguvu. Nilishika mchi ukaanguka. Nilishika kafi, likachukuliwa na mto, shangazi akaogelea kulifuata huku akinilaani.

Wakati huo habari za vita zilikuwa zimeshafika. Wapiganaji walikwenda Mahenge wakiimba. Boma lilikuwa na bunduki inayotema risasi mfululizo, na risasi hazikuwa maji. Sina haja ya kueleza zaidi. Baada ya hapo askari walishuka bondeni wakachoma nyumba na maghala, wakachoma mpunga ukiwa bado shambani. Majembe yalikuwa yamekwisha kuwa mikuki, hata ile iliyoungwa nusunusu. Hakuna aliyelima, hakuna aliyevuna. Watu walikula mizizi, kisha wakala panya, kisha wakawa wanatazamana.

Siku moja asubuhi tulimwona mwanamke anashuka ukingoni na mzigo kichwani. Alikuwa amebaki mifupa na macho. Sikumtambua mpaka alipotua mzigo. Ulikuwa mivukuto miwili. Alikuwa mama mkwe.

"Shikamoo, mama," nilisema. Adabu haikuunguzwa.

"Marahaba." Hakuutazama mkono. "Nimesikia kwa shangazi yako kuna kuni na chungu. Kwangu vimechomwa. Nimebakiza hizi ngozi. Tukizichemsha tutakula."

Shangazi alinitazama ili niseme mimi. Ningeweza kumfukuza. Nilikuwa na njaa. Nikamuuliza habari za Ligombe.

Akasema, "Amekufa Mahenge. Ngwila pia."

"Mkuki ulivunjika?" Nilitaka uwe umevunjika. Nilitaka nisikie kwamba uliachana pale pale alipouunga kwa moto ule mwekundu.

"Haukurushwa," alisema. "Walipigwa wakiwa mbali, hata ukuta hawakuufikia. Aliyemzika anasema alikuwa nao mkononi, mzima kabisa."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Mkono wangu uliunguzwa kwa ajili ya mkuki ambao haukumgusa hata mbu. Nilicheka. Mama mkwe alidhani ninalia, akanipa kisogo.

Ngozi kavu haichemshwi hivi hivi, lazima uilainishe kwanza. Tuliitundika mivukuto kwenye tawi, tukaijaza maji kwa kata ili ilowe kwa ndani. Wa kulia ulijaa ukabaki umejaa. Wa kushoto ulipofika nusu ukaanza kuchuruzika. Haukutoa matone. Ulichuruzika mstari mmoja mwembamba, fsss, ukanilowesha miguu.

Mama mkwe aliukamata, akaupekua mkunjo kwa mkunjo. Katika mkunjo wa ndani kabisa, pale ambapo mafuta hupakwa kwanza, kulikuwa na ufa mrefu kama kidole. Nilitaka aseme ni ufa mpya, wa juzi, wa kuburutwa njiani. Niliona na yeye anatafuta kusema hivyo. Lakini alikuwa mtoto wa mhunzi. Aliufungua ufa kwa kucha, na kingo za ufa zilikuwa zimejaa jivu na vumbi la mkaa lililovutwa ndani na kugandia, jeusi, la siku nyingi. Ufa ulikuwapo tangu moto unawaka.

Alikaa chini kwenye tope.

"Ungesema," aliniambia.

"Nilisema, mama."

Shangazi akauchukua mvukuto mikononi mwake akaukatakata kwa kijembe chake, akautia chunguni. Ushahidi wangu wote ulichemka mbele yangu, na mimi ndiye niliyekuwa nachochea kuni.

Ulichemka mpaka jua likawa utosini, bado mgumu. Mama mkwe hakuwa na meno ya kutosha. Alijaribu kutafuna akatema. Shangazi akanisukumia kinu na mchi, akaniambia, "Mtwangie mama yako." Nilitaka kutumia mkono wa kushoto. Akanipiga kofi kwenye huo wa kushoto.

Nikaushika mchi kwa wa kuume. Nilikaza. Ufa wa kovu ulifunguka nikahisi unyevu, lakini mchi haukuanguka. Niliinua nikashusha. Nilitwanga ile ngozi niliyoikwangua mwenyewe na kuilainisha mwenyewe, ile iliyosema ukweli ikanisababishia kuungua, niliitwanga kwa hasira yote niliyokuwa nayo duniani. Nilimtwanga Ngwila. Nilimtwanga Ligombe, kisha nikalia kwa ajili yake, kisha nikamtwanga tena. Mama mkwe alikaa ameshika kibakuli akinisubiri. Nilipomaliza, mchi ulikuwa na damu, na vidole vyangu vitatu vilikuwa vimeushika kwa nguvu hata shangazi akanisaidia kuvibandua. Tangu siku hiyo mkono ulishika kitu.

Mama mkwe alikula kwanza. Alikuwa mkubwa kwetu. Aliishi nasi mpaka mvua, akafa akiwa amelala kwenye mkeka wangu. Msamaha hakuniomba. Mimi nilimzika kwa jembe la kuazima, kwa mikono miwili.

Nimemshukuru Mungu miaka yote hii, na namshukuru shangazi yangu mwenye ulimi mchafu, ambaye padri alikataa kuniamini niliposema yumo mbinguni. Nawashukuru hata wale funza. Nimelima, nimetwanga, nimelea watoto wa mume wa pili kwa mkono huu. Ushauri wangu ni mfupi. Kidonda cha moto kioshwe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Msikipake jivu wala kinyesi cha mbuzi, hata mkwe akisema. Wanaume mliosimama mlangoni, chuma kikikataa kuungana, kagueni mivukuto kabla ya kumkagua mke. Na mtu akikwambia anasikia kitu ambacho wewe husikii, nyamaza kwanza usikilize.

Sasa, binti. Sasa nakutazama. Mhudumu ni mpole, anaona huruma, ndiyo maana vidole vyako vinakufa. Mimi sina huruma. Nimekuja na kipande cha kafi na kitambaa safi, na bega langu hili hapa, ukitaka kuuma uma.

Utoe huo mkono. Tunaanza na kidole cha kwanza.